Nyuma ya Ngoma Pana Kivuli

"Nyuma ya ngoma pana kivuli." Ndivyo alivyowaambia yule muuza juisi, nanyi mkamcheka. Mkarudi nyumbani na chakula chenu mkononi, kimepoa, miguu imewavimba, eti kiwanja cha sikukuu kimejaa hata pa kukaa hakuna. Mngemsikiliza, saa hizi mngekuwa mmeshashiba. Haya, nipeni huo mto niegemee, na wewe Kheri acha kunitolea macho, nasema. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, hapa hapa Pemba, Bi Mize na mdogo wake Bi Subira. Mama yao alipofariki waligombania kitanda chake, kitanda cha zamani cha mbao chenye nakshi kichwani. Msiseme ni upuuzi. Mtu akifiwa na mama hung'ang'ania chochote alichokigusa. Bi Mize alikichukua kwa kuwa ndiye mkubwa. Bi Subira akaapa kwamba mguu wake hautaingia tena nyumba yenye kitanda kile. Bi Mize naye, kwa ukaidi wake, akaapa hatakanyaga kwa Subira. Wakakaa hivyo miaka na miaka, mitaa miwili tu baina yao, wakikutana misibani wanapeana salamu kavu, kila mtu anashika njia yake.

Kisha Bi Subira akaitwa na mwanawe aliyekuwa Ngazija, ng'ambo ya bahari, aende akaishi naye huko. Alikuwa mtu mzima, tena mwenye maradhi ya kifua. Alijua safari ile ni ya kwenda tu. Meli ilikuwa inaondoka mara baada ya siku ya nne ya sikukuu.

Na kwao siku zile, ndugu waliogombana hawakupatana kwa maneno matupu. Walikaa kwenye sinia moja, mkubwa akamlisha mdogo tonge, na mdogo akamlisha mkubwa, basi, yamekwisha. Sasa tonge hilo litaliwa wapi, na kila mmoja kajifungia mlango wa mwenziwe kwa kiapo? Kwa jirani? Thubutu! Majirani wapate la kusema mpaka mfungo mwengine. Bi Mize akawaza, akawazua, hata akapata. Kiwanja cha sikukuu hakina mwenyewe. Akatuma salamu, na jibu likarudi: "Mwambieni nitakuja. Apike pilau, na asitie zabibu, anajua sizipendi."

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, wakakutana mlangoni mwa kiwanja. Bi Subira kavaa buibui jipya la safari. Bi Mize kajitwika sinia, limefunikwa kawa.

Lo, kiwanja hicho! Pembea zinapaa, farasi wa mbao wanazunguka, watoto wanapuliza firimbi, moshi wa mishikaki umechanganyika na vumbi, na jua limeupiga mchanganyiko ule ukawa rangi ya asali. Watu walikuwa wakitokea ndani yake na kupotea. Unaona uso, unaona kanga, kisha huoni kitu. Katikati, juu ya jukwaa la mbao lililoezekwa makuti, wapiga beni walikuwa wanavuma na matarumbeta yao na ngoma kuu, na umati wote umewaelekea.

Wakatafuta pa kukaa. Karibu na pembea, kiatu cha mtoto kikaruka kutoka juu, kikaanguka hatua moja tu kutoka kwenye sinia. Chini ya mti wa mkungu, kila mkeka waliousogelea wakaambiwa, "Samahani, mama, pana watu." Kwa wauza vyakula walisukumwa huku na huku mpaka kawa ikapinda. Bi Mize akasema, "Twende mbali na watu." Akamwongoza nduguye mpaka ukingoni kabisa mwa kiwanja, kwenye majani makavu, pasipokuwa na mtu.

Palikuwa kimya pale. Kimya mno, wanangu. Jua linawapiga usoni, na hakuna cha kusikiliza ila pumzi za mwenzio.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Bi Subira akauliza.

"Nakuangaliaje?"

"Kama ulivyoniangalia siku ile."

"Siku ipi? Iseme. Iseme leo, kesho hupo."

"Sina la kusema. Wewe ndiwe mchaguaji. Kitanda ulichagua wewe, pa kukaa umechagua wewe, hata jua hili umenichagulia wewe!"

Akasimama, akakung'uta buibui. "Naenda zangu. Nina mizigo ya kufunga."

Bi Mize akainuka mbio. Akajitwika sinia akamfuata, anaita, "Subira! Subira we!" Lakini mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili, na kufika huko lazima upasue umati wa beni. Bi Subira akaingia humo, na dada yake nyuma yake, mkono mmoja umeshika sinia, mwengine unapapasa mabega ya watu. Alihisi kama anaogelea. Aliliona buibui jipya, likampotea, akaliona tena. Mara umati ukayumba kwa furaha ya wimbo, ukawabana wote wawili ubavuni mwa jukwaa, na ukawatema kwa nyuma.

Nyuma hapakuwa na mtu.

Makuti ya jukwaa yalikuwa yametupa kivuli kipana, cha baridi. Midomo ya matarumbeta ilielekea kule, kwa watu, kwa hiyo huku sauti yake ilifika laini, kama beni inapigwa mji wa pili. Ngoma kuu peke yake ndiyo iliyosikika, tena si masikioni, bali nyayoni, inapanda kutoka ardhini taratibu. Majani yalikuwa mabichi. Bi Subira alikuwa amesimama, mkono juu ya ubao, anahema.

Na kimya cha pale hakikuwauma, kwa kuwa ngoma ilikijaza.

"Kaa, mdogo wangu," Bi Mize akasema.

"Nimechoka, dada."

Miaka yote ile alikuwa hajamwita dada. Bi Mize akaweka sinia chini, akafunua kawa, akafinyanga tonge, akamtia nduguye kinywani. Bi Subira akatafuna polepole, kisha naye akafinyanga lake.

"Niwie radhi, dada."

"Nimekuwia. Nawe niwie."

"Nilikuwia zamani. Nilikosa pahala pa kukwambia."

Wakala mpaka wakashiba. Bi Subira akaegemeza kichwa begani kwa dada yake, usingizi ukamchukua. Alipozindukana alikuwa anatabasamu.

"Nimemwota mama. Kapanda farasi wa mbao, anazunguka, anacheka."

"Mama? Na umri ule?"

"Na kanga kajifunga kiunoni!"

Wakacheka, wee, wakacheka hata mpiga tarumbeta mmoja akachungulia nyuma kuwatazama.

Bi Subira akasafiri. Mwaka haukugeuka, habari ikaja kutoka Ngazija kwamba amefariki. Matanga yakawekwa kwa Bi Mize, wanawake wakajaa. Bi Mize alilia sana, na haki yake. Jirani mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Masikini, amekufa hajapatana na nduguye."

Bi Mize akasikia. Akainua kichwa. "Tulipatana."

"Mlipatana wapi, Bi Mize, na nyumba mliapiana?"

"Kiwanja cha sikukuu, siku ya nne."

"Katika zogo lile? Hata pa kuweka mguu hapakuwa! Mlipata wapi pa kukaa?"

Bi Mize akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nyuma ya ngoma," akasema, "pana kivuli."