Mtoto Aliyeahidiwa kwa Pipa la Mbege

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana mapipa ya plastiki yalikwisha kuupanda mlima Kilimanjaro, Mama Nderingo alipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ya posa ya mwanawe Nderingo. Mapipa mawili, ndiyo desturi ya huko. Mjomba wa binti huonja kwanza. Akitema, wageni hurudi walikotoka, na mazungumzo hufungwa hadi ulezi mwingine uvunwe.

Na binti mwenyewe, Apaikunda, hakuwa na muda wa kungoja ulezi mwingine. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Mnanielewa.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya safari ya ukweni, Mama Nderingo alionja pipa la kwanza. Akaonja tena.  Mbege ilikuwa na ladha ya gunia lililolowa.

"Nimekwisha!" akalia. "Jamani, atakayeniokoa, binti wa kwanza wa Nderingo atachukua jina lake!"

Nanyi mnajua binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Mama wa watu alikuwa anagawa jina lake mwenyewe, kwa hofu.

Wifi yake, Haikaeli, akaanza kunusa. Akanusa pipa: siyo. Akanusa maji ya ndizi kwenye pipa la pili, ambayo yalikuwa bado hayajatiwa uji wa kimea cha ulezi: siyo. Mama Nderingo, kwa kuchanganyikiwa, alikwisha kuinua sufuria ya uji aumiminie humo humo. Haikaeli akamdaka mkono.

"Wifi, weka chini! Ubaya uko kwenye kimea. Kimeota ukungu."

Pipa la pili likapona. Lakini maji ya ndizi bila kimea si mbege, na kimea hakioti kwa siku moja. Wakazunguka nyumba kwa nyumba. Hamna. Hamna. Hamna. Mpaka kwa jirani yao Aimbora, aliyekuwa na kimea cha kipaimara cha mwanawe, Jumapili hiyo hiyo. Alikitazama kimea, akawatazama wao.

"Chukueni," akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Jumapili wageni wake walikunywa chai. Shemeji zake hawakumsemesha hadi Krismasi.

Basi Jumamosi wakafika ukweni na pipa moja, Haikaeli na Aimbora nao wakiwemo. Mjomba wa binti, Mzee Kisaka, hakuketi hata.

"Naona pipa moja. La pili mmelinywa njiani?"

 Mama Nderingo alikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba pipa lilipasuka. Nyuma ya mlango, Apaikunda alikuwa amelishika tumbo lake kwa mikono miwili.

Ndipo Manka, dada yake Nderingo, akapiga magoti.

"Mzee, la pili liliharibika, na aliyeliharibu ni mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakifunika kimea kwa nailoni kikiwa bado kibichi. Tangu juzi nilijua kinanuka. Niliogopa kusema."

Mzee Kisaka akamtazama weee!

"Nyumba inayotaja ubaya wa pombe yake," akasema, "haitatuficha mwanetu akiteseka. Leteni kata."

Akanywa. Hakutema.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya ubatizo wanawake watatu wakafika kanisani mapema, kila mmoja na kitenge kipya cha kumfunikia wajina wake.

Haikaeli akasema, "Bila pua yangu, yangemwagwa mapipa yote mawili."

Aimbora akasema, "Bila kimea changu, mngepeleka maji ya ndizi. Tena mimi ndiye niliyeaibika."

Manka akasema, "Bila ulimi wangu, mzee angeondoka."

"Bila mkono wako," Aimbora akamrukia, "kusingekuwa na cha kuokoa!"

Manka akatokwa na machozi. "Ni kweli. Lakini alipouliza, nyote mlinyamaza."

Mama Nderingo akamkumbatia mjukuu. Akisema jina moja, amewapoteza wawili. Akisema lake, amevunja ahadi mbele ya madhabahu. Mtoto analia. Mchungaji amekwisha kuchovya mkono.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Haya, ninyi mliosikia yote, semeni upesi, maji yanamdondoka mchungaji mkononi: je, nani alistahili jina lile?