Mkono Ulioinuka Konani

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, dereva mmoja wa bodaboda alijipanga kwenye mstari wa mashindano ya pikipiki. Washindani walikuwa kumi na wanne, mwanamke ni yeye peke yake. Pikipiki yake ilikuwa ile ile ya abiria, kiti kirefu, namba ya kijiwe bado ubavuni. Miaka sita aliiota siku hiyo. Mshindi mmoja tu angekwenda mashindano ya taifa. Wenzake wa kijiweni walimtania kwamba akishindwa kabisa, arudi hata na abiria.

Wapendwa, alikimbia! Mzunguko wa tatu alikuwa anaongoza. Ndipo pale konani mama muuza mihogo akainua mkono. Dereva wa bodaboda akiona mkono hufanya nini? Akafunga breki, akasogea pembeni.

"Wapi, mama?"

"Wapi tena, mwanangu? Nakushangilia. Hebu nenda!"

Uwanja mzima ulicheka. Na ninyi mmecheka, nimewaona. Wote kumi na watatu wakampita, naye akafuata vumbi lao huku akilia ndani ya helmeti.

Mzunguko wa tano, wa mwisho, walibaki wanne mbele yake. Kona ile ile, mkono tena. Safari hii ulikuwa wa msimamizi, maana oili ilimwagika njiani. Asubuhi wote waliambiwa: mkono juu, hatari mbele. Lakini wale wanne walidhani ni shangwe. Waliteleza mmoja baada ya mwingine hadi majanini. Hakuna kilichoumia zaidi ya magoti.

Na yeye, aliyechekwa pale pale? Akafunga breki. Akapita taratibu, akiburuza miguu chini, akamaliza wa kwanza.

Sisi tukichekwa mara moja kwa kusimama, tunaapa hatusimami tena. Wiki hii imeinuka mikono mingapi, ya jirani, ya mgonjwa, ya Mungu mwenyewe, nasi tukapita kwa kasi? Tusimame, hata kama jana tulisimama bure.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bingwa wetu alikuwa barabarani, medali shingoni. Bibi mmoja mwenye Biblia kwapani akainua mkono.

Akafunga breki. "Wapi, bibi?"