Mwanamke Aliyekataa Kufanana na Sarafu

Wapendwa, zamani za Warumi kulikuwa na Kaisari mmoja aliyeshinda vita katika nchi ya mbali, akataka kila mtu ajue. Akaagiza sarafu za shaba: upande mmoja uso wake, upande wa pili mwanamke wa taifa lililoshindwa, amepiga magoti, kichwa chini.

Askari wakachukua mateka mmoja, mjane, wakampeleka kwa fundi wa sarafu ili amtazame wakati anachonga.

"Piga magoti," akaamuru akida.

"Mikono mmeifunga," akajibu yule mama. "Magoti ni yangu."

Wakampiga. Akaanguka, akainuka. Wakampiga tena, akainuka tena. Fundi akachoka. "Mwacheni. Nitachonga hivyo hivyo."

Akachonga uongo: mama amepiga magoti. Sarafu zikasambaa masokoni na kambini, na mama akatupwa katika machimbo ya mawe pamoja na watu wa kwao.

Siku moja akida akaja na sarafu mkononi. "Litazameni taifa lenu!"

Mateka wakapokezana ile shaba. Mzee mmoja, ambaye mjeledi haukuwahi kumwinamisha, akaitazama, machozi yakamtoka, akapiga magoti. Wengine wakamfuata. Mnaliona jambo hilo? Mjeledi ulishindwa, picha ikaweza!

Mama akapita katikati yao. "Baba, inuka. Huyo wanasema ni mimi. Mimi nilikuwepo, na sikupiga magoti."

"Nyamaza!" akafoka akida. "Dunia nzima imekuona chini! Piga magoti sasa hivi!"

Mama akamtazama usoni. "Kama nimeshapiga, bwana, mbona bado unaniamuru?"

Akida akainua mjeledi, na ndiyo, alimpiga. Lakini mzee alikuwa ameshasimama, na nyuma yake machimbo yote yakawa yanasimama.

Sasa sisi. Nani ametuchora? Wamesema mtaa huu ni wa walevi. Wamesema watoto wetu hawana mbele. Wewe dada, mumeo alipoondoka walisema umekwisha. Wameyasambaza hayo kila mahali, na wengine wetu tumeanza kukunja goti ili tufanane na picha waliyotuchora. Kwa nini? Mungu ndiye aliyetuumba, na goti hili ni lake peke yake. Akilitaka mwingine, akose!

Leo hatuombi tumeketi. Simameni.