Mgeni wa Kituoni

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzi tu, watu wakiwa na katiba na vitambulisho, palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mimba ya miezi saba siku polisi walipomchukua mumewe, Mndeme. Kosa lake? Alisimama mkutanoni akauliza kwa nini serikali inawahamisha wanakijiji bila kuwapa pa kwenda. Jirani yake, Kiondo, akapiga makofi. Wakachukuliwa wote wawili, muulizaji na mpiga makofi.

Nakijwa akabeba chakula, akaenda kituoni. Akaambiwa, "Mama, hapa hatuna mahabusu wa jina hilo." Akaenda kituo cha pili. "Hatuna mahabusu wa jina hilo." Akaenda cha tatu, miguu imevimba, chakula kimechacha. Jibu ni lilelile. Basi akapanda ngazi hadi kwa mawakili wa haki za binadamu, waliokuwa na vyumba viwili juu ya duka la vitambaa.

Aliyempokea ni Wakili Restuta, mwanamke asiye na breki. Kesho yake tu alikuwa mahakamani, akiomba serikali iamriwe kuwaleta Mndeme na Kiondo, wazima au maiti. Serikali ikala kiapo: haina mahabusu hao. Restuta akaomba tena, serikali ikaapa tena. Akaomba mara ya tatu, majina yakasomwa redioni nchi nzima. Serikali ikaapa mara ya tatu.

Na kinachoudhi ni hiki: kwa Mndeme, kiapo kile kilikuwa sahihi.

Kitabu cha kituo cha kwanza kiliandikwa na Koplo Shangali. Mkubwa wake alimwambia, "Mahabusu lazima afikishwe mahakamani. Huyu mwandike mgeni." Shangali akaandika: Mndeme, mgeni. Wiki tano akawa anampelekea uji huyo mgeni, katika chumba chenye kufuli. Kisha asubuhi moja akamwona Nakijwa amerudi tena kituoni, tumbo mbele, kikapu mkononi, roho ikamshinda. Akamfuata hadi barabarani. "Dada, usiulize mahabusu. Uliza mgeni." Mkubwa wake alipopata habari, Shangali akavuliwa magwanda.

Nakijwa akalipeleka neno hilo kwa mawakili. Restuta akakamata joho, tayari kukimbilia mahakamani. Mwenyekiti wa chama cha mawakili hao, Mzee Kabelwa, akamzuia. "Ukilisema mbele ya jaji leo, kesho kitabu kimechomwa na mtu kahamishwa. Niachie mimi." Huyu Kabelwa alizoea kunywa chai na Waziri, hata vijana wa chama wakambatiza mke mdogo wa serikali. Akaenda, akanywa chai yake, akasema, "Mheshimiwa, sikuja kudai mahabusu. Nimekuja kumchukua mgeni wenu, mkewe anakaribia kujifungua."

Waziri akalipima neno hilo. Mgeni akitaka kwenda kwake, utamzuia kwa sheria gani? Mwishowe akasema, "Mchukueni. Lakini kesi ifutwe."

"Na Kiondo?"

"Jina hilo silijui."

Kabelwa akasaini hati ya kufuta kesi.

Mndeme akarudi, mifupa mitupu, lakini mzima. Mtoto akazaliwa. Sasa, ukoo wa Mndeme una desturi yake: mtu akipotea akarudishwa, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya hapo hupewa jina la aliyemrudisha. Siku ya kumpa mtoto jina wakafika wote watatu: Restuta, Kabelwa na Shangali. Restuta na Kabelwa walikuwa hawasalimiani tangu kesi ilipofutwa, na kila mmoja alijua kwamba jina hilo ndilo hukumu yao.

Restuta akasema, "Nilipaza sauti wakati nchi nzima imefyata ulimi. Jina limesomwa redioni, nani angethubutu kumuua? Bila mimi, Mzee Kabelwa angekabidhiwa maiti."

Kabelwa akasema, "Kelele zako zilimweka hai, mwanangu, hazikumtoa. Nimetukanwa miaka kumi ili mlango mmoja wa serikali ubaki wazi. Siku ya siku, niliyepita mlangoni humo ni mimi."

Shangali akasema, "Ninyi mna shahada zenu, lakini neno hamkuwa nalo. Neno nililitoa mimi, nikapoteza kazi."

"Na nani aliyeliandika?" Restuta akauliza.

Shangali akainamisha kichwa. "Ni mimi."

Hapo akaingia Namsifu, mke wa Kiondo, ambaye tangu alfajiri alikuwa jikoni akimkorogea mzazi uji. Mwiko ulikuwa bado mkononi. "Mimi sidai jina," akasema. "Nauliza tu, mume wangu ameandikwa nani? Na katika kitabu gani? Kesi iliyokuwa ikiuliza mmeifuta."

Mndeme alitazama sakafu. Nakijwa alimkumbatia mtoto, akiwa na furaha na akiionea haya furaha yake. Alimshukuru kila mmoja wa wale watatu, na kwa kila mmoja alikuwa na kinyongo.

Shangazi wa ukoo akasema, "Mke wetu, watu wanangoja. Litaje jina."

Nakijwa akafungua kinywa. Mimi nakomea hapo, maana wenzangu niliowasimulia kabla yenu waligombana hadi wakaninyima usingizi. Haya, semeni ninyi mliokaa hapa, na mumtazame Namsifu usoni mnaposema: je, mtoto aitwe nani?