Nani Atakula Sinia Moja na Fisi?

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na makomeo, kijijini Kichakamiba aliishi mjane mdogo, Bi Mwanaidi Digidigi. Mumewe, Shomvi, aliuawa na Fisi Bakunja. Hakimu Tembo akamfunga Fisi maisha.

Mwaka wa saba wakubwa walichoka kumpelekea mfungwa mifupa. Wakaitisha baraza mlangoni pa gereza.

"Fisi amezeeka," alisema Nyati.

"Tena analia kila siku. Sikieni!" alisema Kiboko.

"Hiii! Nimetubu, jamani! Hiii!" Fisi alilia mle ndani.

"Nawe, Bi Mwanaidi, wasemaje?" aliuliza Tembo.

Bi Mwanaidi alimtazama mwanawe wa pekee, aliyejibanza ubavuni mwake. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa jirani na gereza. Kisha akawageukia wakubwa.

"Mimi ni nani hata nipingane na wakubwa? Mfungueni. Ila mila mnaijua, mabwana zangu: atoaye komeo humpokea mfungwa kwake siku saba, naye hula sinia moja na watoto wa nyumba hiyo."

Hakuna aliyepata kuisikia mila hiyo, wala hakuna aliyetaka kuonekana haijui.

"Naam, naam, mila ya kale sana," alisema Kiboko, akikohoa. "Nyati, toa komeo."

"Mimi? Mke wangu kajifungua juzi! Toa wewe."

"Kwangu kumejaa maji, shemeji. Labda Hakimu."

"Hakimu hapokei mgeni wa kesi yake!" alisema Tembo upesi, masikio yakipepea pa! pa!

Mle ndani kilio kilikatika ghafla.

"Kwa Nyati! Nipelekeni kwa Nyati!" aliita Fisi. "Huyo ndama wa juzi, je, amenona?" Na meno yakagongana, kwa! kwa! kwa!

Nyati akalisogelea komeo, akalisukuma kwa pembe, ka!

"Nilitaka tu kuona kama limekaza," alisema.

"Maskini, toba yake haijaiva," alisema Bi Mwanaidi kwa upole. "Tumwongezee muda."

"Muda gani?" aliuliza Kiboko.

"Ule ule alioutaja Hakimu."

Kesho yake mifupa ililetwa mapema, na aliyeibeba ni Nyati mwenyewe.

Nami naifunga hadithi kama Nyati alivyoufunga mlango: ni rahisi kusamehe kidonda kilicho mguuni mwa jirani.