Kunguru Nyuma ya Mpiga Picha

Jana saa saba usiku simu yangu ililia. Ujumbe mmoja tu, na sijalala tangu hapo. Nitawaambia ulisema nini, kina mama, ila nisikilizeni kwanza, na nitaharakisha, mtoto akiamka hapa mgongoni tumekwisha.

Mpiga picha mmoja aliwapenda ndege wawindaji wa pwani, aliwapenda kweli. Watu walishawategea sumu mpaka ikabaki jozi moja ya furukombe, yule tai mla samaki. Akazunguka mikokoni miaka mitatu, akakiona kiota. Yai moja.

Mama mmoja anayekamata kaa pale akamwambia, "Kaka, umeshaona, basi. Usirudi."

"Mimi siwadhuru, mama! Picha hizi ndizo zitawaokoa."

"Haya. Ila ukiingia, uwe unaangalia na nyuma yako."

Akacheka. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, kujua tu kama wapo salama. Kila akifika, jike linaruka kwa hofu. Anapiga picha moja, mbili, anaondoka kwa kunyata.

Siku ya sita akakuta maganda. Alilia, jamani. Akamwendea yule mama. "Umemwonyesha nani?"

"Mimi? Hebu fungua picha zako."

Akafungua. Kwenye kila picha, tawi la nyuma, kunguru. Picha ya kwanza mmoja. Ya mwisho wanane.

"Wanakufuata wewe," mama akasema. "Wameshajua ukija ndege anaruka, yai linabaki peke yake."

Je, alikuwa adui? Si ndiye aliyewapenda kuliko wote?

Na sisi? Mwenzetu anatuletea siri yake, tunatoka nayo: "Nakwambia ili umwombee." Na yule naye anamwambia mwingine, amwombee. Nani kati yetu aliangalia nyuma? Hata mimi nimeshamfanyia hivyo jirani yangu.

Ujumbe wa jana ulitoka kwa mtu nisiyemjua. "Tumwombee binti aliyemkimbia mumewe, kajificha na mtoto nyumba ya bluu nyuma ya kisima, asije akampata." Ni mimi huyo. Nilimwambia mmoja wenu tu.

Sina hasira, nimechoka. Nguo zetu ziko kwenye mfuko huu, tukitoka hapa haturudi pale. Tuombeeni, ila msiniulize tunakwenda wapi. Mungu anajua, na naahidi mbele yenu, simwambii mtu mwingine.