Bibi Nankondo na Paka Aliyekesha

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa!
Kuna anayesinzia?
Hakuna!

Basi sogeeni. Nitawasimulia habari za watu waliotamani usingizi kama ninyi mnavyotamani nyama, na habari za bibi mmoja aliyewarudishia usingizi wao.

Zamani sana, mabibi wa mabibi zetu wakiwa bado wasichana, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi mlimani. Asubuhi moshi wa vyungu, jioni moshi wa ugali. Katika kijiji hicho aliishi Senzota, mrina asali, pamoja na mkewe Nakijwa, mfinyanzi. Humo humo nyumbani aliishi mama yake Senzota. Na mama alikuwa na paka. Paka wa rangi ya majivu, ndiyo maana akaitwa Kijivu.

Mama yule alikuwa msukaji wa vikapu. Kutwa yuko barazani anasuka, na Kijivu yuko miguuni pake. Mama akivuta ukindu, paka anaurukia. Akivuta tena, paka anarukia tena. Vuta, ruka! Vuta, ruka! Mpaka jua linazama. Usiku mama amechoka, paka amechoka, wote wawili wanalala fofofo.

Kisha mama akaugua. Aliugua msimu mzima wa mvua, na aliyemwuguza ni Senzota. Usiku mama akiita, "Senzota, maji," Senzota anaamka. "Senzota, nigeuze," Senzota anaamka. Hakunung'unika hata mara moja. Mpaka siku moja mama hakuita tena.

Wakamzika. Wakamlilia. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao.

Asubuhi Nakijwa akaenda kuchimba udongo. Senzota akaenda kwenye mizinga yake. Mlango ukafungwa. Ndani akabaki Kijivu, peke yake.

Na usiku ulipoingia?

Nyaaaau!

Hebu nisaidieni jamani, paka alilia vipi?

Nyaaaau!

Enhe! Kwaru kwaru kwaru mlangoni. Puu! Kibuyu kimeanguka. Nyaaaau!

Senzota akaamka, akampa kipande cha samaki mkavu. Paka akala, akajilamba, akanyamaza. Wamepata kausingizi kidogo tu, nyaaaau! Nakijwa akaamka, akamfungulia mlango. Paka akatoka. Kufika nje, anataka kuingia. Kwaru kwaru kwaru!

Usiku ule hivyo. Usiku uliofuata hivyo. Mwezi ukaandama, ukajaa, ukapotea, mambo ni yale yale.

Mtu asiyelala si mtu, ni kivuli. Senzota alipanda kwenye mzinga akasahau moto wa kufukizia. Nyuki hawakusahau. Alirudi nyumbani uso umevimba kama boga. Nakijwa naye alikaa mbele ya moto wa kuchomea vyungu, akasinzia, moto ukazidi. Pa! Pa! Pa! Alipozinduka, vyungu vyote alivyovifinyanga tangu mwezi uandame vilikuwa vigae.

Jirani yao mmoja, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni, akaja kumpa pole. Akainama, akanong'ona:

"Nakijwa, yule si paka. Yule ni mama mkwe wako. Amerudi. Anataka kitu."

Nakijwa hakuamini. Lakini Senzota alikuwa nyuma ya ukuta, akasikia. Na yeye, moyoni, akaamini nusu.

Jioni ile Nakijwa akamwambia mumewe, "Senzota, nimechoka. Mpeleke huyu paka ng'ambo ya mto, atapata wa kumfuga huko."

"Huyu ni paka wa mama."

"Najua ni wa mama. Na mimi ni wa nani?"

Senzota akatazama chini. Hakujibu. Lau angejibu lolote, hata baya, Nakijwa angekaa. Lakini hakujibu. Basi kulipokucha Nakijwa akafunga mzigo wake, akajitwika, akashika njia ya kwa wazazi wake.

Sasa, njia hiyo ilipita mbele ya nyumba ya Bibi Nankondo.

Ninyi hamkumjua Bibi Nankondo. Hata mimi sikumjua, nimesimuliwa. Alikuwa mkunga. Karibu kila mtu kijijini pale alipokewa duniani na mikono yake, Senzota akiwemo. Alikuwa mfupi, mnene, anapenda kula kuliko kitu chochote, na hakuwa na haya ya kuomba aongezwe. Lakini ukimweleza shida yako, alikuwa anakusikiliza mpaka mwisho. Wengine hukusikiliza huku wanatafuta la kujibu. Yeye alisikiliza tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Mzigo huo unakwenda au unarudi?"

Nakijwa alitaka kusema unakwenda. Badala yake akaanza kulia. Akautua mzigo, akaeleza yote, ya paka, ya nyuki, ya vyungu, ya mume asiyejibu. Bibi Nankondo akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Rudi nyumbani. Kesho asubuhi nakuja."

"Asubuhi? Lakini Bibi, paka analia usiku."

"Usiku wake naujua, kijiji kizima tunausikia. Mimi nataka kuuona mchana wake."

Kesho yake akaja. Akawaambia, "Nendeni kazini kama kawaida. Niacheni humu na paka." Wakaenda. Mlango ukafungwa.

Waliporudi jioni walimkuta Kijivu amelala juu ya gunia. Na Bibi Nankondo amelala juu ya mkeka, anakoroma. Khoo! Khoo!

"Bibi! Umelala?"

"Nimelala," akasema, akajinyoosha. "Humu hakuna kingine cha kufanya. Kuna chakula?"

Wakampakulia. Akala. Akaomba tena. Akala. Akanawa mikono, ndipo akasema:

"Nimemshika tumbo, ni laini. Nimemtazama meno na masikio, ni mazima. Paka huyu haumwi. Mlipotoka, alilala. Jua la utosini, alikuwa amelala. Nilikohoa, akafumbua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Sasa nawauliza, mtu aliyelala kutwa, usiku afanye nini?"

Wakatazamana.

"Na akilia, nani anaamka?"

"Mimi," akasema Senzota. "Nampa samaki."

"Na mimi," akasema Nakijwa. "Namfungulia mlango. Siku nyingine namrushia mwiko."

Bibi Nankondo akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Samaki! Mlango! Mwiko! Kwa mambo yote hayo hata mimi ningelia. Sikilizeni. Jioni, kabla giza halijaingia, mchezesheni. Mkimbizeni mpaka aheme. Kisha ndipo mmpe chakula chake, ashibe. Mkishalala, akilia, msiamke. Msiseme. Msirushe kitu."

"Atanyamaza?" Nakijwa akauliza.

"Kwanza atazidi. Atalia kama anachinjwa. Mkiamka hata mara moja tu, mmemwambia kwamba akilia sana, anapata. Kazeni moyo."

Akaenda zake, na kijungu cha asali kwapani.

Basi wakajaribu. Senzota hakupenda kuchezea paka, akamtupia mpira wa matambara mara mbili tatu, akaacha. Usiku: nyaaaau! Nakijwa akajifunika nguo kichwani. Senzota akalala chali, jasho linamtoka, macho yamekodolea paa. Hakuna aliyeamka. Usiku wa pili Kijivu alizidi, kama walivyoambiwa. Majirani wakagonga kuta zao. Hakuna aliyeamka. Baadaye kilio kikaanza kupungua. Kikapungua. Kikapungua mpaka usiku mmoja Nakijwa akapitiwa na usingizi mzito.

Senzota alikuwa macho.

Nyaau.

Kilikuwa kilio kidogo, cha chinichini, kama mtu anayeomba maji.

Senzota akanyanyuka. Akanyata. Akatoa samaki.

Asubuhi Nakijwa akaona miba ya samaki karibu na jiko. Hakugomba. Akatoka nje akasimama, mikono kiunoni, anaitazama njia ya kwa wazazi wake. Na usiku ule Kijivu alilia mpaka jua likatoka, kama vile hawajawahi kufanya lolote.

Bibi Nankondo alisikia kilio kile, akajua. Hakwenda kwa Nakijwa. Alipanda mlima, polepole, anahema, mpaka kwenye mizinga ya Senzota.

"Shikamoo, Bibi. Umepandaje huku na miguu hiyo?"

"Marahaba. Nimepanda kwa matusi, kila jiwe nimelitukana. Kaa chini, baba."

Senzota akakaa. Nyuki wanapita, nguuuu, nguuuu.

"Ulimpa samaki," Bibi akasema.

"Nilimpa."

"Kwa nini?"

Senzota akaokota kijiti, akawa anachora vumbini. Bibi Nankondo akamngojea. Hakumharakisha.

"Bibi," akasema mwishowe, "watu wanasema mama amerudi. Mimi sijui. Lakini paka yule akilia usiku, miguu inashuka kitandani yenyewe. Nikimwacha alie, naona kama ni mama anaita, na mimi nimelala tu."

"Mama yako alikuita mara ngapi ukalala?"

"Sikulala. Hata mara moja."

"Najua. Aliniambia mwenyewe, siku nilipokwenda kumwona. Alisema, Nankondo, mwanangu anaamka kabla sijamaliza kumwita." Bibi akamshika mkono. "Kazi ile umeimaliza, baba. Umeifanya vizuri na imekwisha. Mama yako amepumzika. Huyu anayelia ni paka."

Senzota akainamisha kichwa. Akalia. Alikuwa hajalia hivyo tangu mazishini. Mwanamume mzima, mabega yanatikisika, na nyuki wanapita, nguuuu, nguuuu, hakuna hata mmoja aliyemdunga.

Alipotulia, Bibi akamwuliza, "Unataka kumtunza paka wa mama yako?"

"Nataka."

"Basi mtunze kama mama alivyomtunza. Yeye alikuwa akimpa samaki usiku?"

"Hapana."

"Alikuwa akimpa nini?"

Senzota akawaza. Akaliona baraza. Akamwona mama ameinamia kikapu chake.

"Alimpa mchana," akasema. "Alikuwa anakaa naye mchana."

Siku ile alishuka mlimani jua bado kali. Akafungua mlango. Kijivu alikuwa amelala juu ya gunia. Senzota akaingia chumba cha mama, chumba ambacho hakuwa amekiingia tangu wamzike, akachukua chane za ukindu zilizobaki. Akakaa barazani, mahali pale pale. Akavuta.

Kijivu akatokea mlangoni. Akatega masikio.

Senzota akavuta tena.

Ruka!

Vuta, ruka! Vuta, ruka! Paka anapinduka, anabiringika, anaparamia nguzo, anateleza, anarudi. Senzota akacheka. Nakijwa alikuwa uani anakanda udongo, akasikia kicheko. Akadhani ni mgeni. Akaja na mikono yake ya udongo, akamkuta mumewe chini kwenye vumbi, ukindu mkononi, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nipe na mimi," akasema Nakijwa.

Akapewa. Wakamchezesha mpaka Kijivu akajibwaga chini, ulimi nje. Ndipo wakampa chakula. Akala, akashiba, akajilamba.

Wakala na wao. Na walipokuwa wanakula Senzota akasema, "Siku ile uliniuliza wewe ni wa nani. Sikujibu kwa sababu sikuwa na nguvu ya kujibu. Wewe ni wangu, Nakijwa. Na mimi ni wako."

"Ungesema mapema, nisingejitwika ule mzigo," Nakijwa akasema. "Shingo inaniuma mpaka leo."

Siku zilizofuata wakafanya hivyo hivyo. Asubuhi Nakijwa akawa anamchukua Kijivu uani, anashinda naye kwenye udongo, paka anafukuza panzi na mijusi. Jioni Senzota akawa anakaa naye barazani. Usiku paka alijaribu. Nyaau? Hakuna aliyeamka. Nya? Hakuna aliyeamka. Mwishowe hakujaribu tena.

Ndipo asubuhi moja kijiji kikashtuka. Jua limepanda, umande umekauka, mbuzi wameshatolewa, na nyumba ya Senzota bado imefungwa. Hakuna moshi. Hakuna sauti. Yule jirani mwenye maneno akapiga yowe:

"Wamekufa! Paka amewamaliza!"

Watu wakakimbia na majembe, na mashoka. Wakasimama mlangoni. Mmoja akainua mkono agonge.

"Shusha mkono huo!"

Ni Bibi Nankondo. Akawapenya, akachungulia kwenye ufa wa ukuta. Akaangalia kwa muda. Akageuka, uso umejaa tabasamu.

"Wamelala," akasema. "Mume amelala, mke amelala, na paka amelala katikati yao kama bwana harusi."

Akakaa kwenye kizingiti, akaegemeza mgongo wake mlangoni.

"Anayetaka kugonga," akasema, "anigonge mimi kwanza."

Hakuna aliyegonga. Wakaondoka mmoja mmoja, wananyata, mashoka begani.

Bibi Nankondo aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawapokea watoto wa Senzota na Nakijwa, na kila alipowapokea alikula mno. Siku alipofariki, wakalia wadogo kwa wakubwa.

Na wajukuu zangu, mkikumbuka moja tu, kumbukeni hili: anayekusumbua, usikimbilie kumfukuza wala kumnyamazisha. Kwanza ujue siku yake inapitaje. Huenda anakosa kitu ambacho unacho na kukitoa hakukushindi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni. Haya, kila mtu kitandani kwake.